Mgonjwa Namba Nne Mbele ya Kikao cha Kukosoana

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si woga, jamani, msinielewe vibaya. Ni kwamba kibali cha kulitaja hutolewa Jumanne na Alhamisi, nami ninaandika haya siku ya Ijumaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi nzuri, ina bendera, ina mawaziri arobaini na mmoja, na kila wizara ina lango lake la kuingilia wageni. Watu wake ni wapole na wanajua kusalimiana.

Mimi ni karani wa Hospitali ya Wilaya ya Tano, Shomari Kitunga kwa jina, miaka ishirini na miwili kazini bila onyo hata moja. Kazi ya kuandika kumbukumbu za vikao vya madaktari niliipata baada ya Mheshimiwa Waziri wa Afya na Furaha kurudi safari. Huko alikokwenda alionyeshwa chumba, na ndani ya chumba hicho madaktari sita wa familia wamekaa kwenye duara wanabishana juu ya kikohozi cha bibi mmoja. Huyu anasema dawa uliyompa siyo, yule anasema mbona hukumsikiliza kifua, na daktari mwenye mgonjwa anaandika yote na kushukuru. Waziri alisimama mlangoni akajishika moyo. Alipotua nyumbani aliwaita waandishi wa habari pale pale uwanja wa ndege, hata mabegi hayajatoka.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Wenzetu wameendelea kwa sababu madaktari wao wanakosoana! Kuanzia mwezi huu na sisi tutakosoana. Tutakosoana kwa kasi, tutakosoana kwa viwango, tutakosoana mchana kweupe! Hakuna daktari wa familia atakayebaki bila kukosolewa, na atakayekataa kukosolewa atachukuliwa hatua kali sana!"

Watu walishangilia mpaka ndege iliyofuata ikaogopa kutua.

Basi ikaamriwa kwamba kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi madaktari wa familia wa kila wilaya wakae kwenye duara. Kila mmoja alete faili la mgonjwa mmoja anayemsumbua kichwa, jina limefunikwa kwa karatasi, mgonjwa aitwe kwa namba tu, na wenzake waseme bila kumung'unya maneno ni wapi amekosea. Kwetu duara lilileta shida kidogo. Duara halina mbele, na Mganga Mkuu wetu, Daktari Makoroma, tangu aajiriwe hajawahi kukaa mahali pasipo na mbele. Tukakubaliana liwe duara lenye meza kuu na kitambaa.

*

Kikao cha kwanza kiliharibika, sitaficha. Tulikuwa na daktari mmoja mgeni, Daktari Pili Ngoda, binti mwembamba mwenye mwaka mmoja tu kazini. Huyu, masikini, alielewa agizo la waziri kama lilivyoandikwa. Hakuna aliyemwelekeza.

Daktari Makoroma alisoma faili lake: mtoto wa miaka mitatu, homa, kachomwa sindano tano. Akalifunga faili, akakunja mikono, akasubiri kusifiwa. Daktari Pili akanyoosha kidole.

"Shikamoo, Daktari. Mimi naona zile sindano hazikuwa na sababu. Mtoto hata damu hakupimwa."

Lo! Daktari mmoja akaanza kukohoa, na hakuacha mpaka chai ilipoletwa. Lakini Daktari Makoroma hakukasirika, nampa haki yake. Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya tai.

"Mwanangu," akasema, "umeniamkiaje sasa hivi?"

"Nimesema shikamoo."

"Vizuri. Marahaba. Haya, niambie sasa. Mtu ameshakuitikia marahaba, unaanzaje kumkosoa? Ulimi unatokea wapi?"

Kusema kweli hata mimi sikuona jibu. Swali likapelekwa wizarani, wizara ikaunda kamati, kamati ikaenda ufukweni siku kumi kutafakari, na ukatoka Mwongozo wa Kukosoana kwa Heshima, kurasa mia moja na sita, kila ukurasa una picha ya waziri akitabasamu. Roho ya mwongozo huo ni kifungu cha tisa. Mdogo asimkosoe mtu anayemwamkia shikamoo, kwa kuwa ni utovu wa adabu. Mkubwa naye asimkosoe mtu anayemwitikia marahaba, kwa kuwa ni kumdhalilisha mbele za watu. Wanaoruhusiwa kukosoana ni wale wanaoambiana "mambo" na kujibizana "poa".

Tukahesabu. Madaktari wetu walikuwa na miaka ishirini na saba, thelathini na tano, arobaini na mbili, hamsini, hamsini na saba, na wa sita ni Daktari Makoroma, ambaye umri wake haukuwa unajadiliwa. Hakukuwa na wawili wa kuambiana mambo. Kwa hiyo vikao vikaendelea kila mwezi bila kukosa, mafaili yanasomwa, vichwa vinatikiswa kwa heshima, chai inanywewa, na mimi naandika kwenye daftari: "Hoja zilitolewa kimoyomoyo." Wizara ilitutumia barua ya pongezi kwa nidhamu.

*

Sasa niwaambie habari za Mgonjwa Namba Nne. Nitasema polepole kidogo, kwa sababu Mgonjwa Namba Nne alikuwa mke wangu, Mwantumu.

Mwantumu alikuwa akikaanga vitumbua karibu na geti la hospitali. Mwanamke wa maneno, mwenye utani na wagonjwa, na manesi, hata na walinzi, na kicheko chake ulikisikia kabla hujamwona. Siku moja akaniambia, "Baba Kidawa, ugali unanikwama." Nikamwambia utafune vizuri, mke wangu, huna haraka ya kwenda popote. Baada ya wiki tatu ukawa wali. Nikampeleka kwa Daktari Makoroma.

Daktari Makoroma huona watu tisini kabla ya adhuhuri, kwa hiyo hana nafasi ya kuinua kichwa. Hata mimi niliyesimama pembeni ya mgonjwa hakuniona, na wala sikuchukulia vibaya. "Asidi," akasema, akaandika chupa ya dawa nyeupe. Mwezi wa pili tukarudi. "Asidi kali." Chupa mbili. Mwezi wa tatu, "Asidi sugu hii." Mwantumu akamuuliza kama kuna kipimo chochote. Daktari akamjibu, akiwa ameinamia karatasi, kwamba asidi hujulikana kwa kuangaliwa tu.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi ule, Daktari Makoroma akaleta faili hilo kikaoni. Hakulileta kwa kuwa lilimsumbua. Alilileta liwe mfano kwa vijana. "Namba Nne," akasema, "ni mgonjwa mwema. Hagombi, halalamiki, dawa anamaliza, na kila mwezi anarudi. Mgonjwa wa namna hii anaonyesha kwamba daktari anapendwa." Akasoma na uzito: kilo sitini na nane, kilo sitini na tatu, kilo hamsini na nane.

Mimi nimekaa pale na kalamu, naandika kilo za mke wangu. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka. Lakini mwongozo, kifungu cha thelathini, unasema kwamba atakayefichua jina la mgonjwa ndani ya kikao atafukuzwa kazi na faili litafungwa papo hapo. Nikajiambia, Shomari, ukisema jina, faili linafungwa, na hata hiyo dawa nyeupe hapati tena. Nikanyamaza, na nikajiona mtu mwenye busara.

Nyumbani Mwantumu aliniuliza, "Haya, leo mmenikosoaje?"

"Umesifiwa."

"Nimesifiwa? Kwa lipi?"

"Uvumilivu."

Akacheka mpaka akapaliwa, nikampigapiga mgongoni. Alipotulia akasema, "Kawaambie hata sifa zao zinanikwama." Siku hiyo alikuwa amekunywa uji tu, na uji wenyewe nusu kikombe.

*

Baada ya kikao cha tano Daktari Pili alinivuta pembeni, nyuma ya stoo ya magodoro.

"Karani, huyu Namba Nne ni mama wa vitumbua?"

"Siruhusiwi kutaja jina, Daktari."

"Jina sijakuuliza. Nimeuliza vitumbua."

Nikaitikia kwa kichwa. Akaongea haraka haraka, kama mtu anayeogopa kusikika. Mtu akikwamwa na ugali, akaja kukwamwa na wali, sasa uji, na kilo zinashuka namna ile, hiyo siyo asidi. Kuna kitu kinaota kwenye njia ya chakula na kinaziba. Anatakiwa kipimo cha kamera, ile inayoingizwa kooni, na kamera iko Hospitali Kuu peke yake. "Kikiwahiwa wanakikata na mtu anaishi," akasema. "Kikichelewa, Karani, mimi sitakudanganya."

"Basi mwandikie barua ya rufaa, Daktari. Nakuomba."

"Barua anaandika mwenye faili, au kikao kizima mtu akitoa hoja. Hoja siwezi kuitoa mimi. Namwamkia." Macho yake yalijaa machozi. "Nikivunja kifungu cha tisa wananifuta, na barua yangu inafutwa pamoja na mimi. Nitafutie mtu mmoja tu, Karani. Mtu mmoja anayeweza kumwambia Makoroma mambo."

Mtauliza kwa nini sikumpeleka Hospitali Kuu hivyo hivyo bila barua. Nilimpeleka. Tulisafiri siku nzima, Mwantumu kaniegemea begani, tukafika dirishani, na kijana mwenye koti safi akaniuliza barua iko wapi. Nikamwambia hatuna barua, ila mgonjwa ndiye huyu hapa, mtazame. Akanieleza kwa upole sana, kama mwalimu wa chekechea, kwamba kwa mujibu wa utaratibu mtu asiye na barua hajaugua. Akatutakia safari njema.

*

Mtu wa kumwambia Makoroma mambo nilimpata. Aliitwa Daktari Pandu, mstaafu wa miaka mitatu, anafuga kuku wa mayai upande wa pili wa mji. Alisoma na Makoroma chuo kimoja, chumba kimoja, wakibadilishana mashati. Nilipomweleza alitupa kopo la pumba chini. "Huyo Makoroma ana kichaa," akasema. "Kikao lini?"

Alikuja kikao cha saba amevaa koti lake la zamani lenye manyoya ya kuku begani. Akaingia bila kubisha, akasema kwa sauti ya kuchangamka, "Mambo vipi, Makoroma!"

Madaktari wawili walisimama bila kujua kwa nini wamesimama. Daktari Pili alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akatabasamu. Mimi nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari "hoja ya rufaa", nimeacha nafasi.

Daktari Makoroma hakujibu salamu. "Kabla sijajibu," akasema, "naomba kikao hiki kijiridhishe. Kati yangu na huyu bwana, nani mkubwa?"

"Tumezaliwa mwaka mmoja, wewe!" akasema Pandu.

"Mwaka una miezi, ndugu yangu. Na miezi ina siku. Hatuwezi kuendesha sayansi kwa kukisia."

Ikaundwa kamati ndogo ya watu watatu kuchunguza nani alitangulia kuzaliwa, na iripoti kikao kijacho. Pandu akauliza kama Mgonjwa Namba Nne anao mwezi mzima wa kusubiri. Daktari Makoroma, ambaye ndiye mwenyekiti, akaamua kwamba swali hilo ni zuri sana, na kwa kuwa ni zuri litasubiri ripoti.

Mwezi ule Mwantumu alikuwa akinywa maji kwa kijiko. Nilikuwa namtoa chumbani kwenda kuota jua, nambeba mikononi, mwanamke niliyekuwa nikimwogopa nikichelewa kurudi. Aliuliza kila siku kamati imefika wapi. Nikamwambia imekwenda kijijini kwa akina Makoroma, inamhoji shangazi yao mkubwa kuhusu mwaka wa nzige. Akavuta pumzi.

"Baba Kidawa, wakumbushe kwamba na mimi nilizaliwa."

*

Ripoti ilikuja kikao cha nane, kurasa sitini na ramani. Ilithibitisha kwamba Daktari Makoroma ametangulia kuzaliwa kwa siku kumi na tisa. Imekuwaje mkubwa bado yuko kazini na mdogo ana miaka mitatu ya kustaafu, hilo halikuwa kwenye ajenda.

Daktari Pandu, mzee wa watu, akasimama.

"Shikamoo, Makoroma."

"Marahaba, ndugu yangu. Karibu sana."

"Sasa nisikilize. Huyu mgonjwa ana kilo arobaini na moja. Mpeleke Hospitali Kuu leo. Kesho hapana, leo. Unamuua huyu mtu, na kila aliyekaa humu anajua kwamba unamuua."

Hakuna aliyekohoa. Daktari Makoroma alinigeukia, na uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Karani, Daktari mstaafu ameleta salamu. Andika."

Ningependa kuwaambia kwamba mkono wangu ulikataa. Haukukataa. Niliandika: "Daktari mstaafu Pandu alileta salamu, zikapokelewa kwa furaha." Pandu alichukua koti lake akatoka, na alipopita kwangu alinishika bega.

Mwantumu alifariki Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa nne asubuhi. Aliniomba chai ya rangi. Nikalowesha kitambaa nikampaka midomoni, akasema sukari haitoshi, na nilipogeuka kuchukua sukari alikuwa ameondoka. Nililia barazani mbele za watu. Kidawa, binti yetu, ndiye aliyenishika mkono akaniingiza ndani. Daktari Pili alikuja mazikoni, akakaa na wanawake. Daktari Makoroma hakuja, na kumlaumu siwezi, maana hakujua aliyekufa ni nani. Mgonjwa wake hakuwa na jina.

*

Kikao cha tisa kilihudhuriwa na Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Wilaya ya Tano ilikuwa imeongoza nchi nzima: miezi tisa ya kukosoana, na kosa halijaonekana hata moja. Kulikuwa na maua, kulikuwa na maji ya chupa, na kitambaa cha meza kuu kilikuwa kipya.

Daktari Makoroma alisoma faili la Namba Nne kama kazi bora ya mwaka. Alieleza utambuzi wa mapema, dawa moja bila kuyumba, subira ya daktari. "Na hatimaye, Mheshimiwa, mwezi huu mgonjwa hakurudi."

"Hakurudi?"

"Hakurudi kabisa. Malalamiko yote yamekwisha."

"Mnaona!" Waziri akapiga meza. "Mnaona ndugu zangu! Miezi minane anakuja, anakuja, anakuja, mara haji tena! Haya ndiyo matunda ya kukosoana! Nikirudi nitaagiza wagonjwa wa nchi nzima wafikie hatua hii!"

Nikasimama. Miaka ishirini na miwili sijawahi kusimama kikaoni. "Mheshimiwa," nikasema, "hakurudi kwa sababu amekufa. Anaitwa Mwantumu. Ni mke wangu. Nimemzika siku kumi na nane zilizopita."

Daktari Makoroma aliinua kichwa, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniona. Waziri akamwinamia na kumnong'oneza, lakini kwa sauti ya watu wa majukwaa, ambayo hainong'oni.

"Huyu ni nani?"

"Karani wetu, Mheshimiwa."

"Anakuamkia?"

"Kila siku."

Waziri akashusha pumzi. Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Pole sana, ndugu yangu. Pole mno. Mungu akupe nguvu. Kaa." Kisha akawageukia madaktari. "Kuna mwenye hoja?"

Nilimtazama Daktari Pili. Sikuona mtu mwingine mle ndani, nilimtazama yeye tu. Akasimama. Alikuwa na maneno yote, mimi najua alikuwa nayo, alinipa yote siku ile nyuma ya magodoro.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akabaki amesimama. Tulisubiri. Waziri alimtikisia kichwa kwa upendo, kama baba. Daktari Pili akakaa.

Msafara ulikuwa na haraka, na waziri hawezi kuondoka kumbukumbu hazijatiwa saini, kwa hiyo wakawa wananisubiri mimi. Nikaandika kwamba Mgonjwa Namba Nne amepona na kwamba hakukuwa na hoja. Nikapitisha daftari kwenye duara wakasaini wote sita, na Daktari Pili alisaini wa mwisho.